Mchafuko wa Fahamu Baada ya Operesheni kwa Wazee Wenye Saratani: Maelezo kwa Wananchi na Watumishi wa Serikali

Familia inapompeleka mzee wake kufanyiwa operesheni ya saratani, khofu mbili hujulikana na wote: khofu ya kisu na khofu ya nusukaputi. Ipo khofu ya tatu, ambayo haizungumzwi kwa sababu wengi hawaijui mpaka imewafika. Mzee ameingia chumba cha upasuaji akiwa na akili zake timamu, operesheni imekwenda salama na daktari ameridhika; lakini usiku wa pili au wa tatu anaanza kuwaita watu waliokwishafariki, anamtuhumu muuguzi kuwa anataka kumtilia sumu, anang'oa dripu na kutaka kwenda zake nyumbani. Au, kinyume cha hayo, ananyamaza, analala mchana kutwa, na akiulizwa hujibu neno moja lisilohusiana na suala aliloulizwa.

Hali hiyo kitaalamu huitwa deliriamu. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema mgonjwa anaweweseka au anapayapaya. Lakini maneno hayo yanaelezea ule upande wenye kelele tu, ilhali upande wa kimya nao umo na ni mkubwa zaidi. Kwa hivyo katika maelezo haya litatumika jina la mchafuko wa fahamu. Ni vyema ieleweke tangu mwanzo kuwa mchafuko wa fahamu si wazimu, si jini wala si laana ya mtu. Ni ishara kwamba ubongo umeelemewa, kama vile figo au moyo unavyoweza kuelemewa, na chanzo chake mara nyingi kiko nje ya ubongo wenyewe: katika damu, katika kibofu, katika mapafu, au katika dawa aliyopewa mgonjwa.

Jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, alieleza katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb namna akili inavyochanganyika kwa sababu ya maradhi ya mwili, na alitumia jina la sirsam kwa uvimbe wa kichwani unaoandamana na homa na maneno yasiyo na mpangilio. Kilichoongezeka katika zama zetu ni kwamba wazee wengi zaidi wanafanyiwa operesheni kubwa ambazo zamani hawangefanyiwa, na kwa hivyo hali hii inaonekana mara nyingi zaidi katika wodi za upasuaji.

Aidha, si sahihi kuichanganya na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Mchafuko wa fahamu huja kwa saa au siku chache. Mwenye usahaulifu leo yuko kama alivyokuwa jana. Mwenye mchafuko wa fahamu hubadilika mara kadhaa katika siku moja, asubuhi akaonekana mzima na magharibi akawa hamtambui mwanawe. Hata hivyo mambo mawili haya yana udugu. Mzee ambaye tayari ana usahaulifu yuko katika khatari kubwa zaidi ya kupata mchafuko wa fahamu akifanyiwa operesheni, na aliyepata mchafuko wa fahamu yuko katika khatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu katika miaka inayofuata.

Madhara yake si ya kupuuzwa. Mgonjwa hukaa hospitali muda mrefu zaidi, huanguka kitandani, huchomoa mipira na kufumua mshono, na hupata vichomi kwa kulala bila ya kujigeuza. Kwa mgonjwa wa saratani lipo na jambo jengine: tiba ya dawa au ya mionzi iliyokusudiwa kufuata baada ya operesheni huweza kucheleweshwa kwa sababu mwili haujapata nguvu, na saratani haingoji. Vile vile kuna familia ambazo, zikiona mzee amebadilika, huamua kumtoa hospitali kabla ya wakati ili kumtafutia tiba ya mashetani. Uamuzi huo humtenga mgonjwa na matibabu katika siku zile khasa ambazo uchafu wa kidonda, ukosefu wa hewa au kuziba kwa mkojo, yaani chanzo chenyewe cha mchafuko, ungeweza kugunduliwa na kutibiwa.

Wataalamu wanazigawa sababu za khatari mafungu mawili. Mgawanyo huo ulielezwa kwa uwazi mwaka 1996 na Sharon Inouye na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Fungu la kwanza ni yale mambo ambayo mgonjwa huja nayo kutoka nyumbani. La pili ni yale yanayomkuta hospitalini. Mafungu haya hufanya kazi kwa pamoja. Jahazi iliyopakia shehena hadi ukingoni huzamishwa na wimbi dogo, na iliyo tupu hustahamili dharuba. Mzee mwenye afya njema huhitaji mshtuko mkubwa ndipo fahamu zake zichafuke, bali mzee dhaifu huweza kuchafukwa na kidonge kimoja cha usingizi.

Katika yale ya nyumbani, umri ndio wa mwanzo. Uchunguzi uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka 1994, uliowahusu wagonjwa 1,341 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliofanyiwa operesheni za kupangwa zisizokuwa za moyo, ulikuta kuwa asilimia 9 walipata hali hii. Waliokuwa katika khatari zaidi ni wenye miaka 70 au zaidi, wenye kumbukumbu dhaifu, wasiojiweza katika shughuli zao, watumiaji wa pombe kupita kiasi, na ambao vipimo vya damu vilionyesha sodiamu, potasiamu au sukari iliyopanda au kushuka sana. Aina ya operesheni nayo ilihusika, na zile za kifua zilikuwa miongoni mwa zilizoongeza khatari. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali moja ya saratani mjini New York walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 416 wa saratani wenye miaka 75 na kuendelea, na asilimia 19 miongoni mwao walipata mchafuko wa fahamu baada ya operesheni. Yaani karibu mtu mmoja katika kila watano.

Kinachofaa kuzingatiwa katika uchunguzi huo wa pili ni wepesi wa mambo yaliyotabiri khatari. Hayakuhitaji mashine. Ni kuwa mzee aliwahi kuanguka siku za nyuma. Kuwa anahitaji kusaidiwa katika mambo kama kutunza fedha zake, kwenda dukani au kunywa dawa zake kwa wakati. Na kuwa alishindwa jaribio fupi la kukumbuka maneno matatu na kuchora uso wa saa. Mambo mawili ya mwanzo yanajulikana zaidi na watu wa nyumbani kuliko daktari. Jamaa anayemsindikiza mzee kwenye kliniki akaulizwa, "Mzee huanguka?" asione haya kujibu ndiyo. Kumsitiri mzee katika jambo hili ni kumdhulumu.

Macho na masikio nayo yanahesabiwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho, au asiyesikia vizuri, akizinduka mahala asipopajua, taa zikiwa hafifu na sauti zikimfikia nusu nusu, ubongo wake hujaza mapengo hayo kwa dhana. Kivuli cha pazia huwa mtu. Kwa wagonjwa wa Visiwani ugeni wa mahala huwa mkubwa zaidi, kwani wapo wanaotoka Pemba kuja Unguja, na wapo wanaovuka bahari kwenda kufanyiwa operesheni Hospitali ya Taifa ya Muhimbili au kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996. Mzee ambaye hajalala nje ya kijiji chake kwa miaka mingi, akachukuliwa kwa boti, akalazwa katika mji wa watu, huwa ameshatwishwa mzigo kabla hajaguswa na kisu.

Saratani yenyewe huongeza yake. Huleta upungufu wa damu na hukondesha. Mgonjwa wa saratani ya njia ya chakula au ya utumbo huenda akawa hakula kwa kushiba kwa wiki nyingi, na utapiamlo ni mojawapo ya vichocheo vilivyothibiti. Baadhi ya saratani hupandisha kalsiamu katika damu, na kalsiamu ikipanda huvuruga akili hata bila ya operesheni. Saratani iliyoenea hadi ubongoni huweza kufanya hivyo pia. Kisha operesheni zenyewe huwa ndefu na nzito: kuondoa sehemu ya umio, kuondoa kibofu, kukata utumbo mpana, au operesheni za mdomo na shingo ambapo mgonjwa huwekewa tundu la kupumulia shingoni na kwa siku kadhaa hawezi kusema anachokitaka. Mtu aliyenyimwa sauti yake ana kila sababu ya kuchanganyikiwa.

Suala la dawa linahitaji kusemwa kwa kirefu, kwani hapa ndipo penye siri nyingi. Wazee wengi hutumia dawa ambazo hawazihesabu kuwa ni dawa. Vidonge vya Piriton, ambavyo hununuliwa kwa ajili ya mafua na kuwashwa, ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuzubaisha akili za wazee. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya mishipa na usingizi, ni hivyo hivyo. Diazepamu na ndugu zake wana khatari ya pande mbili: kuzitumia huchafua fahamu, na kuziacha ghafla baada ya kuzizoea huchafua fahamu vile vile. Inapasa basi mgonjwa apelekwe hospitali pamoja na mfuko wa dawa zake zote, na za miti shamba zikiwamo, ili daktari azione kwa macho yake. Wala mtu asizisimamishe mwenyewe nyumbani kabla ya kuuliza.

Na kuna pombe. Katika jamii yetu jambo hili hufichwa, na sababu za kufichwa zinafahamika. Lakini mnywaji wa kila siku akilazwa na kukosa kinywaji chake, katika siku mbili tatu huanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kumuua. Ina tiba yake mahsusi, ambayo daktari hawezi kuianza asipoambiwa. Aliye na khabari hizo na amwambie daktari faraghani, nje ya wodi. Daktari amefungwa na kiapo cha kutunza siri za mgonjwa, na suala lake ni la tiba, si la hukumu.

Katika vichocheo vya hospitalini, uchunguzi uliotajwa wa mwaka 1996 ulivibainisha vitano: kumfunga mgonjwa kitandani, utapiamlo, kuongezewa dawa mpya zaidi ya tatu kwa mpigo, mpira wa mkojo, na madhara yoyote yatokanayo na matibabu yenyewe. Uchunguzi huo uliwahusu wagonjwa wa wodi za kawaida, lakini katika wodi za upasuaji mambo hayo hayo yapo, tena kwa wingi, na huongezeka maumivu yasiyotulizwa, kukosa usingizi, homa, upungufu wa maji, kufunga choo na upungufu wa hewa ya oksijeni. Kwa dawa za maumivu kuna mtihani wa aina yake, kwa sababu zikizidi huchafua fahamu, na maumivu makali yakiachwa nayo huchafua fahamu. Kwa hivyo mzee asihimizwe kustahamili kimya kimya. Pethidini, iliyotumika sana miaka mingi katika hospitali zetu, ndiyo inayotajwa kuwa mbaya zaidi kwa wazee kuliko dawa nyengine za jamii yake.

Watu wengi hudhani kuwa nusukaputi ndiyo ya kulaumiwa, na kwamba mzee akichomwa sindano ya uti wa mgongo atasalimika. Dhana hii ni ya zamani. Mwaka 1955 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari Bedford kuhusu madhara ya nusukaputi katika akili za wazee, na tangu hapo imekuwa ikirudiwa. Lakini mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya majaribio makubwa ya Marekani na Kanada, yaliyowahusu watu 1,600 waliovunjika nyonga, na haikuonekana tofauti ya maana ya mchafuko wa fahamu baina ya waliopewa nusukaputi na waliochomwa sindano ya mgongo. Wale hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini funzo lililopatikana ni kwamba haifai kukataa operesheni ya lazima kwa sababu ya khofu ya nusukaputi peke yake.

Namna ya kuitambua hali hii iliwekwa katika kipimo kilichochapishwa mwaka 1990, na hadi leo kinatumika ulimwenguni. Kina alama nne: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, kushindwa kutuliza fikra mahala pamoja, maneno yasiyofuatana, na hali ya kuwa macho isiyo ya kawaida, ama kwa kusinzia au kwa kuhangaika. Zikipatikana mbili za mwanzo pamoja na moja ya mbili za mwisho, mgonjwa huhesabiwa kuwa na mchafuko wa fahamu.

Hapa pana tahadhari kwa wauguzi na jamaa. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mgonjwa ataje tarehe yake ya kuzaliwa, achore saa, au ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma. Mzee wa Kizimkazi au wa Micheweni ambaye hakupita skuli, na ambaye umri wake unahesabiwa kwa tukio fulani la mwaka aliozaliwa, akishindwa maswali hayo haina maana kuwa fahamu zimemtoka. Ni bora aulizwe siku za wiki, kuanzia Ijumaa kurudi nyuma hadi Jumamosi. Na bora kuliko yote ni kumuuliza anayemjua: "Hivi ndivyo alivyokuwa wiki iliyopita?" Kwa sababu hiyo kila mgonjwa mzee apimwe kabla ya operesheni, ili pawepo na cha kulinganisha.

Mgonjwa anayepiga makelele huonekana na wodi nzima. Yule aliyenyamaza husifiwa kuwa ni mtulivu, hasumbui mtu, amwacheni apumzike. Katika wazee, aina hii ya kimya ndiyo iliyo ya kawaida zaidi, na ndiyo inayopita bila ya kutambuliwa. Mzee aliyekuwa akiuliza khabari za wajukuu, leo hana habari nao, chakula kimepoa mbele yake na macho yanaangalia ukuta: jamaa asisubiri zamu ya daktari ya asubuhi, amwambie muuguzi wakati ule ule.

Ikishatokea, kazi ya madaktari ni kutafuta chanzo: kupima hewa, sukari, damu na homa, kuangalia kidonda, kuhakikisha mkojo unatoka na choo kimepatikana, na kupitia orodha ya dawa. Dawa za kutuliza akili haziondoi maradhi haya. Hutumiwa kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi pale mgonjwa anapokuwa khatari kwa nafsi yake au kwa wengine. Kumfunga kwa kamba au shuka huzidisha khofu na ghasia. Anachohitaji ni mtu anayemjua, akae karibu, amshike mkono na kumwambia kwa sauti ya chini kuwa yuko hospitali, amefanyiwa operesheni, na leo ni siku fulani. Asibishane naye kuhusu anavyoviona, wala asimkubalie kuwa vipo.

Kwamba sehemu kubwa ya hali hii inazuilika kumethibitika. Mwaka 1999 Inouye na wenzake walitoa matokeo ya mpango uliowahusu wagonjwa 852 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliohudumiwa kwa kukumbushwa mahala na wakati, kutembezwa, kunyweshwa maji, kuachwa walale usiku, na kupewa miwani na vifaa vyao vya kusikia, waliopata mchafuko wa fahamu walikuwa asilimia 9.9, wengine walikuwa asilimia 15. Hakuna katika hayo lililohitaji dawa ya ghali. Katika hospitali za kwetu, ambako mgonjwa huuguzwa na jamaa zake, mengi yanaweza kufanywa kwa watu wale wale waliopo. Miwani na meno ya bandia yarejeshwe mara mgonjwa anapozinduka. Dirisha liachwe wazi mchana, na usiku taa na mazungumzo yapunguzwe. Aketishwe na atembezwe mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, na kila siku iulizwe kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Adhana inayosikika wodini ni saa nzuri kuliko ya ukutani. Mgonjwa akiambiwa, "Hiyo ni ya alasiri," hupata kujua yuko wapi katika siku yake. Anayekaribia operesheni akiwa katika mwezi wa Ramadhani amuulize daktari mapema juu ya kufunga, kwani mgonjwa ana ruhusa katika dini, na mwili uliokauka maji huingia katika operesheni ukiwa na upungufu.

Wageni wengi kwa pamoja hawasaidii. Watu wawili au watatu wanaozoeleka, wakipokezana kwa zamu, khasa kuanzia magharibi hadi asubuhi katika siku tatu za mwanzo, hufaa zaidi kuliko umati wa saa za kutazama wagonjwa. Kwa watumishi wa Serikali, ni vyema anayetarajia kumuuguza mzazi apange ruhusa yake na mkuu wake wa kazi mapema, tarehe ya operesheni inapojulikana, badala ya kuomba siku ya tukio. Na wakuu wa sehemu wanaombwa kulipa uzito ombi la aina hiyo, wakijua kuwa usiku ule wa pili na wa tatu ndio wenye kazi.

Kwa wengi hali hii hupungua katika siku chache baada ya chanzo chake kuondolewa, ingawa kwa baadhi ya wazee huchukua wiki au miezi. Mzee akisharudi nyumbani, jamaa waangalie kama anaweza tena kushika hesabu zake na dawa zake, na wakiona upungufu wamrejeshe kliniki. Khabari ya kuwa alipatwa na mchafuko wa fahamu iandikwe katika kadi yake, kwa sababu aliyewahi kuupata huupata tena kwa wepesi akifanyiwa operesheni nyengine. Baadhi ya wazee hukumbuka waliyoyasema na kuyaona, wakaona haya mbele ya watoto wao na kuacha kuyataja. Mzee wa namna hiyo aelezwe waziwazi na mwanawe, au na daktari, kwamba maneno yale yalikuwa ya maradhi na kwamba hakuna aliyeyaweka moyoni.